Jumamosi ya Wakwe

Msichana yule alinichemsha roho tangu siku ya kwanza. Tunafanya kazi pamoja mji wa Richfield, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mimi ni mkongwe wa kazi, yeye ni mtoto wa Wakenya aliyezaliwa hukuhuku. Zamu ikiisha, anavaa koti, huyoo! Bosi akimwomba abaki, anajibu tu, "Leo siwezi." Hata samahani hakuna. Nikamwambia, "Wewe, utafutwa kazi." Akacheka, "Anti, tulia."

Sisi wa rika langu hatukatai hivyo. Tunajieleza kwanza.

Basi wakwe watarajiwa wakasema watakuja Jumamosi kuposa binti yangu, na bosi alikuwa ameshanipangia zamu mchana huohuo. Nikaenda kuomba ruhusa. Nikasema kuna wageni wa kupikiwa. Akasema nipike asubuhi. Nikasema gari letu ni bovu. Akasema atanitafutia mtu wa kunileta. Nikasema ni mila zetu. Akauliza kwani baba mtu hatoshi? Nikajikuta nasema sawa, na asante juu yake!

Nikaingia chumba cha chai nikilia. Mama gani anakosa siku ya kuposwa bintiye? Msichana alikuwa pale, anakula. Nikamsimulia yote.

"Anti, umempa sababu ngapi?"

"Zote!"

"Ndiyo shida. Ukimpa sababu, anaitafutia dawa. Rudi umwambie huwezi, halafu nyamaza."

Ninyamaze! Mbele ya bosi! Lakini nikarudi. "Jumamosi siwezi kuja." Nikafunga mdomo. Akaningoja niendelee, nami nikamngoja, jasho linanitoka na nje kuna theluji.

"Haya," akasema mwishowe, "nitapanga mtu mwingine."

Haki ya Mungu, ni hivyo tu? Miaka yote hii! Nilimkumbatia yule msichana mpaka akalalamika namvunja mbavu. Kumbe nilichokiita utovu wa adabu, kwa mwenzangu kilikuwa kujilinda.

Jumamosi nyumba yetu mjini New Hope ilijaa, viatu vikazagaa mpaka koridoni. Baada ya chakula, msemaji wetu akamuuliza binti yangu mbele ya watu wote kama tupokee zawadi za wageni, yaani kama amekubali kuolewa. Aligeuka, akanitafuta kwa macho.

Nilikuwa palepale mlangoni, mwiko mkononi. Ndipo akasema ndiyo.