Siku Wanablogu wa Uchumi Walipomaliza Chumvi

Chumvi iliisha mjini siku ambayo haikuwa imepungua hata chembe.

Maghala yamejaa. Malori yanaingia kama kawaida. Hakuna mgomo, hakuna mafuriko. Lakini duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, na la tatu mwenye duka ananitazama kama nimemwomba figo.

"Dada, huna habari? Chumvi inaadimika. Wasomi wa chuo wameandika."

Nikarudisha pesa mfukoni.

Wasomi wa chuo ni sisi.

Ngoja niwaweke sawa. Mimi ni karani katika Idara ya Uchumi ya chuo kikuu. Nina stashahada yangu na ulimi wangu, basi. Idarani kuna kikundi cha wanablogu: wahadhiri, wanafunzi, na mimi niliyejipenyeza. Kila mtu ana blogu yake ya mambo ya bei, kodi na ajira. Wenzangu wanaandika mambo ambayo ukimaliza kuyasoma unahitaji kulala. Mimi naandika Kiswahili kinachotembea chenyewe kwa miguu yake.

Kikundi kina sheria moja. Tunaiita kubebana. Ukiandika makala, lazima uweke viungo vya makala za wenzako, ili wasomaji wako waende kwao na wa kwao waje kwako.

Sheria haisemi uzisome kwanza.

Na chumvi niliitafutia nini asubuhi yote ile? Mjomba.

Mjomba wangu, aliyenilea, ni mtu wa ngozi. Ananunua ngozi mbichi machinjioni, anazisugua chumvi ya mawe upande wa nyama zisioze, anazipanga bandani, kisha anawauzia wenye viwanda vya viatu. Asubuhi ile alikuwa ameshusha mzigo mkubwa kuliko yote maishani mwake. Mtaji wake wote umelala sakafuni unafuka mvuke, na muuza chumvi wake amefunga duka.

"Mpwa wangu," aliniambia kwenye simu, "ngozi haina subira. Nikivuta manyoya yakanifuata mkononi, nimekwisha."

"Shikilia hapo, Mjomba."

"Nishikilie nini? Zinateleza."

Nyumba ikiungua, huyu atatania moshi.

Nikatimua mbio hadi chuoni. Chumba cha wanablogu kilikuwa kama cha timu iliyotoka kubeba kombe. Utabiri umetimia, watu wanapongezana. Kijana tunayemwita Grafu, maana hawezi kuomba hata maji bila kuchora, alikuwa amegeuza kompyuta yake ili wote tuone mstari unaopanda.

"Hao ni wasomaji wetu tangu jana. Cheki mlima huo."

"Grafu, nani kasema chumvi inaadimika?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Kiungo si nimeweka? Nimetoa kwa Mfumuko."

Mfumuko ni dada wa shahada ya uzamili. Kila wiki anaandika kuhusu mfumuko wa bei, jina likamganda. Alikuwa pembeni anatafuna kifuniko cha kalamu.

"Mfumuko, wewe umejuaje?"

"Mwalimu aliandika. Mimi ni nani nimbishie Mwalimu?"

Mwalimu ni mhadhiri aliyeanzisha kikundi, naye alikuwa mle mle chumbani. Simu ikanitetemekea mfukoni. Mjomba. Sikupokea. Ningemwambia nini?

"Mwalimu, na wewe?"

"Chanzo kipo," akasema, macho dirishani. "Kiko chini ya makala."

Nikabofya.

Ukurasa ukafunguka. Rangi yake ya zambarau niliijua, kwa sababu niliichagua mimi.

Ilikuwa makala yangu.

Nilikuwa nimeeleza jinsi hofu inavyopandisha bei, nikaanza hivi: "Chukulia kwamba mwezi ujao chumvi itaadimika." Chukulia. Mfano wa kichwani. Ningeweza kuandika sabuni na dunia ikaendelea na shughuli zake.

Mwalimu akapitisha jicho juu juu, akaandika "wachambuzi wanahofia." Mfumuko akaandika "wachambuzi wanaonya." Grafu akaandika "imethibitishwa," akachora na mshale.

Tulibebana hadi tukatumbukia wote.

"Tukanushe sasa hivi," nikasema.

"Tukanushe nini?" Mwalimu akauliza. "Madukani chumvi ipo?"

"Haipo kwa sababu tumesema haipo."

"Basi tulisema kweli."

Ukitaka kujua kwa nini watu wanawaogopa wachumi, ni hapo.

"Mwalimu, kuna mtu ngozi zake zinaoza."

"Pole yake. Mchana huu gazeti linanihoji. Tukijikana leo, kesho tutaitwa wapiga ramli."

"Na sasa tunaitwaje?"

Sikungoja jibu. Nikakaa, nikaandika: "Chumvi ipo. Ulikuwa mfano tu. Rudini nyumbani." Nikabandika.

Maoni yakaanza kumiminika.

"Mmelipwa na nani?"

"Wakianza kusema ipo, jueni imekwisha kabisa."

"Asante kwa kututonya, nakimbilia dukani."

Nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Makalio yalikataa kiti. Mkabala na lango la chuo kuna duka la jumla, na foleni yake ilikuwa inarefuka mbele ya macho yangu. Ukweli wangu ulikuwa unamalizia hata chumvi ya mezani iliyosalia.

Mjomba tena. Safari hii nikapokea.

"Nimejaribu kuvuta manyoya," akasema. "Bado yameshika. Lakini harufu imeanza kugeuka, mama."

Mjomba akiniita mama, ujue utani umekwisha.

Nikajiuliza: kama watu hawaamini "ipo," wanaamini nini?

Wanaamini "chukulia."

Nikaandika makala fupi kuliko zote: "Chukulia kwamba kesho bei ya chumvi itaporomoka. Nani atalia? Asiyenayo hatalia. Atalia aliyejaza magunia leo." Basi. Sikusema itaporomoka. Hata hivyo niliisoma mara tatu kabla ya kuibandika, kwa sababu sasa nilijua neno lile linaweza kufanya nini.

Nikamgeukia Grafu. "Nibebe."

"Nisome kwanza?"

"Leo ndiyo umeamua kusoma?"

Akachora mshale unaoelekea chini. Mfumuko akaunga mkono. Mwalimu alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye mahojiano yake.

Jua halijaanza kupoa, foleni ikageuka. Waliokuwa wanagombea kununua wakawa wanagombea kuuza. Mtu aliyekuwa amekumbatia gunia kama mtoto alikuwa anamsihi mpita njia alichukue.

Nikakimbilia kwa Mjomba.

Nilimkuta amepiga magoti bandani anasugua ngozi, chumvi imempanda hadi kwenye viwiko. Mlangoni kulikuwa na gari dogo, buti wazi, nyuma limeinama kwa uzito.

"Mpwa wangu, Mungu hamtupi mja wake," akasema. "Bwana huyu alikuwa anazunguka mtaa mzima akiuliza nani ana haja ya chumvi. Ananipa karibu na bure. Anasema kesho haitakuwa na thamani."

"Kajuaje?"

"Kasoma mahali."

Yule bwana akajitokeza nyuma ya gari na gunia begani, suti yake imejaa vumbi jeupe.

Mwalimu.

Tukatazamana. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini asubuhi hakutaka tukanushe.

"Mwalimu, na wewe ulinunua?"

Akashusha gunia taratibu. "Nilisoma kwa Grafu," akasema. "Aliandika imethibitishwa."

"Grafu alitoa kwa Mfumuko. Mfumuko alitoa kwako."

"Kulikuwa na mshale," akasema.

"Mnajuana?" Mjomba akauliza. "Basi msisimame kama nguzo. Shikeni ngozi."

Tukashika. Mwalimu na suti yake, mimi na gauni la kazini, tukasugua hadi vidole vikawaka. Ngozi chache za chini zilikuwa zimekwenda na maji. Zilizobaki zikapona, na Mjomba pamoja nazo.

Kesho yake bei iliporomoka kweli. Gazeti likaandika kwamba wachumi wa chuo wametabiri mara mbili na hawakukosea hata mara moja.

Nawaachia hili. Uongo wa jirani utaukwepa, maana unamjua jirani. Lakini ubahatishaji wako mwenyewe ukizunguka mtaa mzima, ukarudi umevaa suti, utaufungulia mlango, utaupa kiti, na utauamkia kwa heshima.