Mguu wa Kushoto wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliendesha magari ya kiwanda cha magodoro kwa miaka ishirini na minne, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea. Muulize mwenyewe. Akigonga nguzo, nguzo ndiyo iliyosimama vibaya.

Kiwanda kilipompumzisha, dada aliuza cherehani zake mbili, akafunga kibanda chake cha kushona, wakanunua pikapu kwa bwana mifugo mmoja. Haikuwa mpya, lakini ilitunzwa, na klachi ilikuwa imebadilishwa mwezi uleule. Nilimwambia dada abakize walau cherehani moja.

“Mdogo wangu,” akanijibu, “mume wangu ana kazi mikononi.”

Mikononi sawa. Habari za miguu hakuna aliyeuliza.

Kazi ilipatikana upesi. Mama mmoja mwenye duka la vigae juu ya kilima alitaka gari la kuwapelekea wateja mizigo. Akawapa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ukiisha salama, kazi ni yao moja kwa moja. Dada alianza kulala usingizi.

Siku moja nilipanda pikapu pamoja naye. Tulikuta foleni katikati ya kile kilima, na shemeji hakugusa breki ya mkono. Alikanyaga klachi nusu, mafuta kidogo, pikapu ikaning'inia palepale na mzigo wake, hairudi wala haiendi.

“Umeona, shemeji? Imeganda kama picha ukutani. Breki ya mkono ni ya wanafunzi.”

Hata kwenye tambarare, mguu wake wa kushoto haukushuka sakafuni. Ulilala juu ya klachi kama paka kwenye kochi.

Wiki ya pili, pikapu ikawa maneno mengi, vitendo haba. Injini inanguruma, gari linatambaa, na ndani inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Fundi wa mtaani alishusha giaboksi, akatoa klachi iliyolika mpaka chuma.

“Bwana mifugo katuuzia mzoga,” shemeji akasema, akamtukana yule bwana na ng'ombe wake wote.

Ikafungwa mpya. Baada ya siku kumi na mbili nayo ikaungua, vigae vikiwa nyuma na mteja yuko mlangoni anasubiri. Fundi aliigeuzageuza, akamtazama shemeji kwa adabu.

“Mzee, samahani. Ukishaingiza gia, mguu wa kushoto huwa unaupumzisha wapi?”

“Unanifundisha udereva? Nimeshika usukani wewe bado unanyonya!”

“Usukani sijausema, mzee.”

Shemeji akawaka. Akasema twende kiwandani, mimi na dada tuwe mashahidi, fundi wa kule atatuambia yeye ni nani. Tukaenda. Fundi wa kiwanda, mtu mzima mwenye tumbo lake, alitupokea vizuri, akatutafutia ndoo za kukalia.

“Waambie hawa,” shemeji akasema, kifua mbele. “Miaka ishirini na minne. Niliwahi kuunguza klachi hata moja?”

Yule mtu alidhani ni utani. Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Alipoona hatucheki, akafuta mikono, taratibu.

“Ndugu yangu, kwani hukujua? Tulikuwa tunabadilisha kila baada ya miezi michache, siku zako za mapumziko. Stoo ilikuwa na rafu nzima ya klachi zako.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Mimi nilitaka. Bosi akasema mwacheni, huyu haibi mafuta, na ukimsema ananuna wiki nzima. Klachi zinapatikana, kununa kwako hakuna dawa.”

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha dada kilikuwa ndani ya soksi ya mumewe. Aliinuka kwenye ndoo, akashukuru, akatoka.

Mama wa vigae, Mungu ampe maisha, alikuwa muungwana kuliko sisi. “Mimi sina ugomvi na gari,” alimwambia dada. “Kesho saa mbili asubuhi mlete dereva mwingine, kazi ni yenu.”

Dereva mwenyewe alikuwepo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mpole, leseni anayo. Jioni dada alimweleza mumewe huku akimenya viazi, sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa.

“Gari langu haendeshi mtu mwingine nikiwa hai,” akasema shemeji.

“Lako?” dada akauliza.

Shemeji aliutia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nikamwambia, “Shemeji, jishushe mara moja tu, watu wapate kula.” Akaniambia nirudi kwangu nikamtawale mume wangu. Wangu yuko kaburini, na shemeji anajua hilo.

Asubuhi hakutoka chumbani. Dada alikaa kizingitini mpaka saa mbili ikapita, kisha akanituma mimi dukani, yeye hakuweza. Nilipanda kilima kwa miguu. Mbele ya duka kulikuwa na pikapu nyingine, wameshaijaza maboksi, wanakaza kamba.

“Mwambie dada yako pole sana,” mama wa vigae akasema.

“Pole haibebi vigae,” nikamwambia, na nilijua namwonea bure.