Spès wa Gasenyi, mkalimani aliyemzika daktari wa angani akiwa hai

Saa tisa alasiri, Jumapili. Watu wamebanana kwenye mabenchi ya ukumbi wa video wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, wengine bado na nguo za kanisani. Kwenye skrini, chombo cha angani kinatikisika. Spès anashika kipaza sauti.

"Kapiteni anasema: mufunge milango! Oksijeni inaisha! We Kapiteni, kimbia!"

Anayekimbia ni kapiteni, lakini jasho linamtoka Spès. Ukumbi mzima unapiga kelele.

Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, aliyekimbilia Burundi kutoka Uvira, siku za kazi hupakia sabuni katika ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda. Jumapili huwa wafanyakazi wote saba wa chombo hicho. Tamthilia inazungumza Kifaransa, yeye anaigeuza Kiswahili papo hapo, kila mtu na sauti yake. Kwa kipindi kimoja hulipwa faranga elfu kumi, na kwake si haba.

Ana sharti moja: haangalii kipindi kabla ya watazamaji wake.

"Nikijua mwisho, sauti yangu itadanganya," anasema. "Mi nataka nishituke pamoja nabo."

Sharti hilo ndilo lililomponza. Majuma mawili yaliyopita, daktari wa chombo alijeruhiwa, akalazwa ndani ya sanduku la kioo, wenzake wakamwinamia. Spès akatangaza kwa uchungu, "Docteur ametuacha." Mara umeme ukakatika, na kipindi kikaishia hapo.

Watu walilia, jamani, si mchezo. Jumapili iliyofuata hawakutaka kuangalia chochote kabla ya kumaliza matanga. Gaspard, seremala wa mtaa, alileta kreti ya bia, akasimama kutoa neno la kumuaga marehemu kama desturi inavyotaka.

Na leo, dakika ya ishirini, sanduku linafunguka. Daktari anaketi, anaomba maji.

Spès anakiondoa kipaza sauti mdomoni. Wiki hii Salvator, mwenye ukumbi, amemwonya: ng'ambo ya barabara kumefunguliwa ukumbi wenye skrini kubwa zaidi, na siku watu watakapoacha kumwamini mkalimani, kipaza sauti kitazimwa. Angeweza kusema kwamba huyu ni pacha wa marehemu. Nani angejua?

"Ile neno ilifika mpaka mu kinywa," anakiri baadaye. "Lakini wale watu walilia kwa sababu yangu."

Anashusha sauti. "Munisamehe. Docteur hakukufa. Walimulaza mu baridi apone. Ni mi nilizika mutu muzima."

Salvator anasimamisha picha. Gaspard anainuka, uso umekunjamana, anapita katikati ya mabenchi na kumpokonya Spès kipaza sauti. Kisha anavua kofia mbele ya skrini.

"Docteur, maneno yangu ya matanga nayarudisha yote. Karibu nyumbani. Lakini bière tulishakunywa, ile hairudi."

Ukumbi unalipuka! Watu wanakumbatiana, wengine wanacheza juu ya mabenchi, na mwandishi wa habari hii, aliyekuja kikazi, anajikuta akipiga makofi mpaka viganja vinawaka moto. Salvator anachukua kipaza sauti, anamrudishia Spès kwa mikono miwili.

"Endelea, mama. Watu wanangoja."

Sifa zake zimeshafika Kajaga, ufukweni, ambako wavuvi wamemwomba awatafsirie tamthilia mpya, yenye chombo kingine na kapiteni mwingine. Anaweka akiba anunue kipaza sauti chake mwenyewe, aanze kazi huko mwezi ujao.

Je, sasa ataangalia vipindi mapema?

"Apana!" anacheka hadi machozi yanamtoka. "Tutashituka wote. Ila kule Kajaga, sitazika mutu mupaka nione kaburi."