Kimya cha Siku Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa. Meneja wa saiba moja, duka la intaneti, mtaani Kawangware, Nairobi, alinionyesha kompyuta sita, akasema, "Wewe uliyeacha shule, pangusa vioo tu. Vitufe usiguse." Nilikuwa nimeshasukuma mkokoteni, nimepaka mageti rangi, nimechimba mitaro, na hakuna kazi iliyonishika zaidi ya miezi michache. Vitufe nilivigusa kabla ya saa sita. Miaka iliyofuata nilijifunza kwa kuwauliza wateja maswali mpaka wakanichoka.

Ndivyo nilivyoingia Mtungi. Hii ilikuwa programu ya kujitolea: mtu anatuma ujumbe mfupi wa simu, anajibiwa ni bomba lipi Kibera lina maji siku hiyo. Msimbo wake, yaani yale maagizo yanayoiongoza kompyuta, ulikuwa huria. Yeyote angeweza kuuchukua, kuusoma na kuurekebisha. Tulikuwa watatu. Mratibu, mama aliyefundisha kompyuta kanisani Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, aliweka seva chini ya kitanda chake. Hiyo ndiyo mashine iliyojibu jumbe zote. Mutua, seremala wa Silanga, upande mwingine wa Kibera, aliyetoka Machakos, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo. Mimi nilikuwa mtunza orodha, yaani anwani moja ya barua pepe iliyotufikia sote: nilihifadhi tulizoandikiana na kuandika maamuzi.

Hatukupiga kura. Pendekezo likiandikwa kwenye orodha, tulingoja siku tatu; asiyepinga amekubali. Ilitufaa, maana kila mtu alikuwa na shughuli zake na kuingia mtandaoni kulikuwa ghali.

Kabla ya uchaguzi wa 2007, shirika mwavuli likatualika. Mashirika ya aina hiyo hulea miradi midogo: hushika majina yake kisheria, hutunza seva, hupokea misaada, na kazi yenyewe huwaachia nyinyi. Tulijadili karakanani kwa Mutua, tumekalia mbao.

"Mwavuli una mwenye kuushika," Mutua alisema. "Akikata kona, wewe unanyeshewa."

"Na saa hii tuko wapi, fundi? Si kwa mvua?" Mratibu akamjibu. "Moto ukiingia kwangu, Mtungi imeisha."

"Nipe kwanza nisome hiyo mkataba yao, nijue nani ataamua msimbo. Mimi hata kiti sitoi kabla sijakikalia."

"Na ukishakikalia kinavunjika," Mratibu alisema, tukacheka. Tukakubaliana asome baada ya uchaguzi.

Matokeo yalipotangazwa, mitaa ikawaka. Soko la Toi likaungua. Kawangware tulijifungia ndani, saiba ikafungwa, kadi za simu zikaadimika. Nilipoketi tena mbele ya kompyuta, nilikuta barua mbili za Mratibu. Ya kwanza ilisema nyumba za mstari wa pili kutoka kwake zimechomwa, hivyo anapendekeza tujiunge. Ya pili, siku nne baadaye: "Kimya. Mtunza orodha, thibitisha. Shirika linangoja hadi Ijumaa, halafu nafasi wanapewa wengine."

Nilitembea hadi Silanga. Karakana ilikuwa tupu, hata benchi halikuwepo. Mama muuza makaa wa jirani alinipima kwa macho kabla ya kujibu.

"Fundi alienda kwao. Walimwambia watu wa kabila yake watoke. Simu aliuza apate nauli."

"Hakuacha neno?"

"Alisema watu wa maji wakikuja, wamngojee."

Nilirudi Kawangware na maneno hayo. Ilikuwa Alhamisi. Niliandika: "Hakuna aliyepinga. Imethibitishwa." Kuhusu Silanga sikusema lolote, hata kwa Mratibu.

Nisiwe mwongo, shirika lilitutendea vyema. Seva ikahamishiwa mahali salama, Mtungi ikavuka Kibera ikaenda miji mingine. Mratibu aliona mbali.

Mutua alirudi masika yakianza. Nilimkuta akitundika mlango mpya, nikamweleza kwamba tumeshajiunga.

"Mama makaa alikupa ujumbe wangu?"

"Alinipa."

Alijaribu mlango, ukafunga sawasawa. "Sawa," akasema.

Hakuandika tena kwenye orodha. Hakupinga chochote pia. Kila pendekezo lililofuata lilipita, na kila mara niliandika kwamba watatu wamekubali. Mimi nikaendelea kuhamahama, nikivuta nyaya za mtandao mji huu na ule, orodha ikiwa ndiyo kitu pekee nilichohama nacho.

Sasa magoti yamekataa. Nimerudi Kawangware, chumba kimoja, na siku nyingine jua huzama sijasikia mtu akitaja jina langu. Kabla ya kumkabidhi mwingine orodha nilirudia maamuzi yote. Penye "watatu" nikaandika "wawili". Chini ya uamuzi wa Januari, ule wa kujiunga na shirika, niliongeza: "Mutua aliomba angojewe. Mtunza orodha alijua."

Nilimtumia Mutua nakala. Hii ni wiki ya pili. Kimya chake sikihesabu.