Matanga ya Mtu Aliye Hai

Safari ile ilinigharimu magunia mawili ya dagaa niliyoyauza kwa hasara ili nipate nauli, doti moja ya khanga ambayo askari wa bandari ya Jinja aliiita ushuru, siku kumi na moja bila kufungua meza yangu sokoni Mukendo, na dada. Nimehesabu mara mbili. Dada ndiye niliyeshindwa kumpangia bei.

Mama yuko Butiama, na tayari wakati ule macho yake yalikuwa yanafifia. Mganga wa zahanati aliyamulika, akasema ukungu ule hana dawa yake. Mama akaniita kutoka Musoma. "Mtoto wangu wa kwanza sijamwona miaka saba. Kaniletee nimwone uso, kabla sijabaki na sauti zenu tu."

Dada aliolewa na mtu wa Bunda, akamfuata Uganda alikopata kazi ya reli. Sasa serikali ya kule na ya kwetu zilikuwa zinatukanana redioni kila jioni, na mpakani risasi zilikwisha kulia. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi pale Kitaji kutafuta barua ya safari.

"Unakwenda kwa adui?" akaniuliza.

"Nakwenda kwa dada."

"Dada yuko kwa adui."

"Basi niandikie nimtoe huko, adui apungukiwe."

Akacheka, akaandika. Nikapitia Bunda kwa wakwe wa dada, wakulima wa pamba, wakanipa kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mama alikuwa amenipa kibuyu cha samli. Nikapanda meli.

Jinja hakunipokea mtu. Nilifika nyumba za reli kwa kuuliza uliza, nikabisha. Dada akafungua, akanivuta ndani kwa mkono, akafunga mlango kabla hata hajanisalimu.

"Umeongea na nani njiani?"

"Na mwenye mkokoteni. Alitaka kunipunja. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikiliza, mdogo wangu. Hapa wewe ni msichana wangu wa kazi. Umetoka vijijini huko Busoga. Watu wakija, usiseme sana."

"Msichana! Nina watoto wawili."

"Wenye watoto pia hufanya kazi."

"Na mshahara?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake askari walimchukua baba mwenye nyumba kwa kumlaza binamu yake kutoka Tanzania, na hajarudi. Basi nikakubali. Hofu ile niliiona kwa macho; shemeji alikuwa akisikia gari nje, anaweka kijiko chini. Siku tatu nikafagia, nikafua, nikalala stoo karibu na mkaa. Kila nilipofungua mdomo kusema habari ya macho ya mama, dada alisema, "Baadaye."

Jumamosi mchana wakaja wanawake watano wa kanisani kwake, wamebeba ndizi na unga. Nikawaletea chai. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya upole, akamshika dada goti.

"Tumesema leo tuje tukae na wewe. Mwaka umetimia tangu mama yako afariki."

Sinia sikuliangusha. Watu wanaosimulia mambo kama haya huwa wanaangusha sinia. Mimi vikombe vya watu najua bei yake.

Yule mama akanigeukia. "Na wewe msichana, umewahi kusimuliwa habari za marehemu?"

"Kidogo," nikasema.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa kuuliza sana."

Dada aliangalia chini. Wakasali, wakaimba. Mmoja akakumbusha jinsi dada alivyonyoa nywele zote, jinsi alivyolala chini siku nne. Hapo ndipo nilipoweka sinia chini. Kwetu mtu hamlilii aliye hai. Ikitokea kwa bahati mbaya, labda habari za uongo zimefika, aliyenyoa haruhusiwi kula chungu kimoja na aliyeliliwa mpaka mbuzi achinjwe mlangoni, na yeye mwenyewe atamke mbele yake kwamba alimlilia, na kwa nini; wakila kabla ya hapo, kilio kile humfuata aliyeliliwa. Lakini mila hiyo ni ya aliyedanganywa. Ya aliyedanganya sijawahi kuisikia.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni.

"Mama amekufa lini?"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Amekufa lini?"

"Barua zake zilikuwa zinafunguliwa posta," akasema. "Kila barua, njoo, njoo. Wakaanza kumuuliza shemeji yako kazini, mkeo anakwenda lini Tanzania, anapeleka habari gani. Mtu aliyefiwa na mama haulizwi anakwenda lini kwao."

"Si ungemuua hata shangazi?"

"Nani anamwacha mtu atulie kwa ajili ya shangazi?"

"Kwa hiyo ulipiga hesabu."

"Nina watoto wanne! Wewe unatoka huko mnakogawiwa mashamba na hotuba, utaniambia nini?"

Nikamwambia mama anapofuka, ndiyo maana nimekuja. Akachota samli ya kibuyu kwa kidole, akaonja. "Mwambie nitakuja pamba ikivunwa," akasema. Hakuuliza ni jicho gani lililoanza.

Nilirudi na uongo wake, nikaufikisha kama ulivyo. Mama akauliza, amenenepa? Nikasema amenenepa. Nywele bado ndefu zile alizokuwaga nazo? Nikasema ndefu. Pamba ilivunwa, ikavunwa tena, ikaja vita yenyewe, ikaisha.

Wiki iliyopita baba mkwe wa dada alileta habari kutoka Bunda: dada anarudi na watoto wote, atafika Butiama kabla ya mwezi kuisha. Kwangu alileta maneno ya dada pembeni: "Mambo ya kule yaishie kule." Mama haoni tena isipokuwa kivuli cha mtu mlangoni, na amekwisha kuanika mtama wa kumpikia, kwa chungu kimoja, wale pamoja.

Nikipeleka mbuzi, mama atauliza ni wa nini, na dada itabidi aseme kwa kinywa chake mbele ya mama. Nisipopeleka, watakula, na mimi nitakuwa nimekaa pale nikiwaangalia, mwenye kujua peke yangu. Mimi kuamini mambo ya wazee naaminiga nusu. Lakini ni mama yangu, nusu hiyo naiogopa. Wewe unayesoma, uliye na mama au uliyewahi kuwa naye: mbuzi nimpeleke, au nimwache zizini?