Jicho Kabla ya Chaguo la Kwanza

Wiki jana nilipanga foleni ya mkate mtaani Darsait, huku ughaibuni, nyuma ya mama mmoja wa asili ya Unguja. Mbele yetu wanaume wawili walibishana kuhusu mashindano ya mpira ya Ramadhani, ambako manahodha wa mtaa huchagua wachezaji kwa zamu.

"Chaguo la kwanza ni yule winga wa jengo la kijani," alisema mmoja. "Miguu ile ni dhahabu!"

Wala hakusema mashaallah ya kukinga jicho la husuda.

Yule mama akashika kaunta. "Mwanangu huyo?" akapaza sauti. "Goti lake bovu, baba! Hata ngazi hapandi."

Wanaume wakatazamana, wakaondoka.

"Mzima kabisa," akaninong'oneza. "Lakini nnaogopa jicho. Kaka yake walimsifu hivihivi, akavunjika mguu."

Nilimwelewa. Nami wanangu wakisifiwa nasema wanakohoa. Ila hatukujua kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa nahodha.

Jana nilimkuta palepale, kakonda uso kwa hofu.

"Wamechagua wote, mwanangu wamemwacha," akasema. "Kuna mtu kamtia jicho."

Sikuthubutu kumwambia ni yeye mwenyewe, kwa lile goti bovu.