Siku Tumbo Langu Lilipozindua Tovuti

Naona haya hata kuisimulia, lakini kwa kuwa waliokuwepo bado wananiita Mwogeleaji kila nikipita mtaa wa Katubuka, bora muisikie kwangu kuliko kwao.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, makambi yamejaa na kila mtu anatafuta mtu wake, na mimi, fundi kompyuta kutoka Dodoma (mtoto wa maji ya ndoo), nikapangiwa ofisi Kigoma mjini yenye dirisha linalotazama ziwa. Niacheni kidogo hapo dirishani. Asubuhi maji hayana rangi, mchana bluu, na milima ya Kongo kule ng'ambo inakuja na kuondoka kadiri ukungu unavyotaka, na mimi mkono uko kwenye kipanya lakini roho inaelea huko nje, nasinzia macho wazi.

Kazi yangu ilikuwa kufunga seva ya tovuti ya kuonyesha picha za watu waliopotezana na ndugu zao. Nikaifunga, ikagoma kuanza, ikasema mlango namba 80 umeshachukuliwa. (Seva hupokea watu kwa milango yenye namba, na usipoandika namba yoyote unapelekwa 80.) Aliyeukalia nilimjua, alikuwa mimi mwenyewe: programu ya majaribio niliyoisahau humo, yenye picha moja tu, nimevaa bukta, nimekumbatia samaki, mgebuka wa ziwani, tumbo mbele, na chini nimeandika "Mwogeleaji Mkuu wa Tanganyika". Kuiondoa ni dakika tano. Lakini ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia mno, basi nikaihamishia seva mlango 8080, nikasema nitakumbuka, nikaenda kuogelea. Mchoraji akaandika anwani kwenye kitambaa cha uzinduzi, bila namba.

Siku yenyewe, mbele kabisa alikaa Mama Feza, Mkongo, aliyetoka kambini kwa kibali cha siku moja kumtafuta Furaha, mdogo wake waliyepotezana wakati wa kuvuka ziwa, na gari la kumrudisha lilikuwa linaondoka saa tisa. Mgeni rasmi akasema, "Haya kijana, tuonyeshe." Nikaandika anwani kama ilivyo kitambaani, projekta ikamulika, na ukuta mzima ukajaa tumbo langu.

Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akavua miwani kufuta machozi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, ile programu ikaamka yenyewe na tumbo likarudi (naapa mara ya pili lilikuwa kubwa zaidi). Nikaifuta kwa hasira, na sasa ukuta ukasema hakuna kitu, hakuna tumbo wala ndugu wa mtu, na ile 8080 imenitoka kichwani kabisa.

"Papa," Mama Feza akasema taratibu, "ile tumbo nimeshaona. Sasa unionyeshe mudogo yangu."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Saa tisa gari likapiga honi, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka bila kunilaumu, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Nikabaki dirishani nikilitazama ziwa, nikakumbuka ule mchana niliotoka mbio kwenda kuogelea, na namba ikarudi. Nikaiandika, picha zikafunguka, na ya tatu ilikuwa ya Furaha, chini imeandikwa anaishi Rusimbi kwa mshonaji, mwendo wa miguu tu kutoka pale tulipokuwa tunacheka. Nikaichapa, nikapanda pikipiki ya ofisi, nikalikuta gari Kidahwe, njia ya kambini, kwenye kizuizi cha barabarani.

Mama Feza aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Alikuwaka mule ndani," akaniuliza, "wakati watu walikuwa wanacheka?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa mlango wa pili."

Hakuruhusiwa kushuka, kibali kilikuwa kimeisha. Kingine kilichukua wiki tatu, na siku walipokutana nilisimama nyuma ya watu, nikalia. Zile wiki tatu ni zangu, nilizichukua mimi nikaenda kuogelea. Tangu hapo, kabla sijafunga seva yoyote, nauliza kwanza nani yuko mlango 80, na nauliza nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo.